Muda wa Kula Hindi Moja

Ipo nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja. Si woga. Jina lenyewe lipo kwenye matengenezo, na wahusika wameshaomba radhi kwa usumbufu. Ni nchi njema, yenye barabara kuu moja iliyonyooka kutoka mji wa serikali hadi kijiji alikozaliwa Mkuu wa Nchi. Kama wewe hukuzaliwa huko, hilo ni kosa la wazazi wako, serikali haihusiki.

Nchi hii ilipochoka kunuka dizeli iliagiza magari ya umeme. Yalikuwa magari meupe, mazuri, yasiyo na mlio, yanayopita kama mtu anayetoroka kikao. Kwa kuwa umeme wa nchi nao una tabia zake, yalichajiwa kwa jenereta kubwa ya dizeli iliyofichwa nyuma ya ukuta uliochorwa maua. Aliyesema ananusa moshi aliambiwa anayonusa ni maua.

Ajabu ya magari hayo ni kwamba yakishaingia barabara kuu yanajiendesha. Dereva anatoa mikono kwenye usukani, anaiweka mapajani, basi. Kazi inayombakia ni kutazama mbele. Juu ya dashibodi kuna jicho dogo jeusi linalomtazama yeye anavyotazama, na akigeuza macho pembeni gari humwambia kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri, akaoga, akanywa chai: "Dereva, tazama mbele. Maendeleo yako mbele."

Inasemekana kwingine duniani mtu akitaka kushika usukani wake anashika. Huku wakubwa waliona hiari inachelewesha mambo. Bunge likapitisha Sheria ya Mikono Mapajani kwa makofi mengi, na waheshimiwa walipomaliza kupiga makofi wakairudisha mikono mapajani, kuonyesha mfano.

Ndani ya nchi hiyo aliishi Mwinjuma, dereva wa Wizara ya Mwendo. Alisoma hadi darasa la nne, halafu shule ikahamishiwa jimbo la waziri mwingine. Alikuwa mgane, mke wake, Sikudhani, alifariki, na jinsi alivyofariki tutafika huko. Tangu sheria ipite cheo chake kilikuwa kimepandishwa kutoka Dereva hadi Mtazamaji Mbele Daraja la Pili. Mshahara ulibaki pale pale, ukitazama mbele.

Mwinjuma alikuwa mtu aliyechoka. Ukimuuliza amechoshwa na nini, na mikono yake haifanyi kazi yoyote, alikuwa anakujibu: "Na wao."

*

Gari, hata liwe na akili namna gani, haliijui barabara mpaka lifundishwe. Wataalamu walioleta magari walieleza: lichukuliwe gari moja, lifungwe kisanduku cha kamera juu ya paa, dereva mtulivu aliendeshe safari nyingi, za jua na za mvua. Yote atakayofanya yataingizwa kwenye vichwa vya magari mengine, nayo yatafanya vilevile.

Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Daktari Kinyogoli, aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Kisha akacheka.

"Safari nyingi za nini? Jumamosi tunafungua barabara. Fungeni hicho kisanduku kwenye gari langu. Magari ya nchi hii yatajifunza kutoka kwa viongozi, hayatajifunza kutoka kwa mvua!"

Makofi. Wataalamu nao walipiga, kwa kuwa walishaonyeshwa hoteli.

Aliyekuwa akiendesha gari la Waziri, enzi hizo bado kwa mikono, ni Mwinjuma. Jumamosi hiyo Sikudhani aliamka kifua kimembana, anavuta pumzi kwa shida. Mwinjuma akamwacha na jirani, Bi Chausiku, akakimbilia ofisini kwa Bwana Ndimbo, Mkurugenzi wa Idara ya Macho na Mikono.

"Mkurugenzi, mke wangu hali yake si nzuri. Naomba leo mtu mwingine ashike gari."

"Mzee Mwinjuma. Leo tunaandika historia."

"Naelewa, Mkurugenzi. Lakini hapumui vizuri."

"Historia haina ruhusa ya dharura. Na kisanduku kimeshafungwa, dereva ameshaandikwa ni wewe." Ndimbo akamshika bega. "Mwambie mama, Mheshimiwa Waziri anamsalimu sana."

Waziri hakuwa amemsalimu mtu. Ndiyo ilikuwa namna ya Ndimbo ya kutoa dawa.

Basi msafara ukaondoka. Darajani palikuwa na mbuzi katikati ya njia, Mwinjuma akamkwepa kwa kupanda ukingo wa kulia. Mbele kidogo walikuwapo wacheza ngoma, akaenda mwendo wa miguu, Waziri akashusha kioo akapunga mkono. Kisha wakafika kilimani, kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, na Waziri akaamua kuwa karibu na wananchi.

"Simama hapo."

Msafara wote ukasimama. Waziri akaletewa hindi, akalila humohumo garini, kioo kikiwa chini ili wapiga picha wapate kazi. Alikula kwa mistari, kushoto kwenda kulia, kama anayesoma. Hakuna aliyethubutu kupiga honi. Alipomaliza aliligeuza gunzi kuhakikisha, akalitupa, akafuta mdomo.

"Haya. Twende."

Chini ya kilima kile kuna njiapanda ya Kitopeni. Njia ya vumbi inatoka vijijini, inaikata barabara kuu, na ng'ambo yake tu ndipo ilipo hospitali. Paa lake jekundu unaliona ukiwa upande huu. Polisi walikuwa wamefunga kamba tangu asubuhi. Mwinjuma alipokuwa akishuka, aliona nyuma ya kamba gari la wagonjwa limesimama, taa yake inazunguka, inazunguka.

Mguu wake ukajiinua wenyewe kwenye kichapuzi. Gari likasita.

"Nini?" akauliza Waziri.

"Gari la wagonjwa, Mheshimiwa."

"Si limesimama? Basi liko salama. Mwendo, mwendo!"

Mwinjuma akakanyaga, wakapita.

Aliporudi nyumbani alimkuta Bi Chausiku amekaa mlangoni, viatu mkononi, hata kuvivaa amesahau.

"Tulizuiwa kwenye kamba, baba," alimwambia. "Tukaomba, wakasema msafara uko juu hapo, unakuja sasa hivi. Hauji. Tunauona umesimama kilimani, hatujui unafanya nini. Ulipoanza kushuka mwenzio akasikia king'ora. Akaniuliza, 'Ni Mwinjuma anapita?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Basi mwacheni apite kwanza.'"

Kamba ilipofunguliwa hapakuwa tena na haraka ya kuvuka.

*

Magari yakajifunza. Yakajifunza vizuri mno.

Tangu siku hiyo kila gari la umeme likifika darajani hupanda ukingo wa kulia kumkwepa mbuzi ambaye alishaliwa sikukuu ya mwaka uleule. Likifika penye ngoma linakwenda mwendo wa miguu na vioo vinashuka vyenyewe. Abiria, kwa kukosa la kufanya, wakazoea kupunga mkono, na nyasi zikazoea kupungiwa. Likifika kilimani linasimama kimya muda wa mtu kula hindi moja. Hakuna sababu, hakuna taa, hakuna kituo. Unakaa. Wafanyabiashara wamekaa pale na samaki wao wakiharibika, maharusi wamekaa, majambazi waliotoka kuvunja benki wamekaa, na polisi waliokuwa wakiwafukuza wamekaa nyuma yao, wote mikono mapajani, wakisubiri Waziri amalize kula.

Watu waliandika kulalamika. Wizara ikatoa tamko kwamba hayo si makosa, ni urithi.

Na likiteremka likifika njiapanda ya Kitopeni gari linasita. Kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina akataka kugeuka, kisha linajikaza na kupita kwa kasi. Wananchi walipaita pale Kigugumizi. Wataalamu walitafuta chanzo chake kwenye nyaya, wakatafuta kwenye betri. Kisha wakaomba kwenda kukitafutia hotelini.

Mwinjuma alikuwa anajua. Ule ni mguu wake. Kwenye barabara nzima magari yalikuwa yanafanya mambo ya Waziri, na hapo tu, kwa muda usiotosha kukohoa, yalikuwa yanafanya jambo lake yeye. Yawe na dereva gani, yawe yamembeba nani, yote yalikuwa yanainua mguu kwa ajili ya Sikudhani. Hata la Mkuu wa Nchi.

Kila liliposita chini yake, yeye aligeuza macho kushoto, pale ilipokuwa kamba. Palikuwa na majani tu.

"Dereva, tazama mbele. Maendeleo yako mbele."

Ndimbo akamwita.

"Mzee Mwinjuma, gari linakusema."

"Linasema nini?"

"Unatazama pembeni. Kila safari, palepale. Kuna nini pale?"

"Hakuna kitu."

"Sasa kama hakuna kitu unatazama nini?"

"Hichohicho, Mkurugenzi. Kwamba hakuna kitu."

Ndimbo akamtazama kama anayetafuta pa kupiga muhuri. "Mzee, msiba wako tunaujua, na Idara ilikupa pole kwa maandishi. Lakini huzuni ina mahali pake. Barabara kuu si mahali pake. Ukitaka kulia, lia ukiwa umetazama mbele, jicho halikatazi machozi."

Mwinjuma alirudi garini. Hasira alikuwa nayo, ila hasira yake nayo ilikuwa imechoka. Ilikuwa inainuka, inawatazama wakubwa, inakaa chini tena.

*

Sasa akaja mgeni. Mgeni wa taifa, mtu mzito, amevaa suti nyeupe, akapandishwa kwenye gari la Waziri aonyeshwe maajabu. Darajani alirushwa, akaambiwa ni mbuzi. "Yuko wapi?" akauliza. "Alikuwapo," akajibiwa. Kilimani alikaa muda wa hindi, akaona amtulize mwenyeji wake kwa kuomba chai. Chai ikamiminwa. Wakateremka. Pale Kitopeni gari likasita, likajikaza, na chai yote ikahamia kwenye suti.

Jioni ileile Wizara ikatangaza kwamba kigugumizi cha magari ni tishio kwa uhusiano wa kimataifa.

Ndimbo akamwita tena Mwinjuma. Safari hii alimpa kiti.

"Tunayafundisha magari upya, mzee. Msafara uleule, njia ileile, kisanduku juu. Mheshimiwa atapunga mkono, atakula hindi, kila kitu kama siku ile. Isionekane tunasahihisha, maana hapakuwa na kosa. Ionekane tunakumbuka. Tumeiita Siku ya Kumbukizi ya Mwendo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Uendeshe, kwa mikono. Dereva ni yuleyule ili historia isichanganyikiwe. Ila pale Kitopeni usiinue mguu. Tumepeleleza, tumegundua kigugumizi ulikitia wewe."

Mwinjuma akaomba, taratibu, naye hakuwahi kumwomba mkubwa yeyote kitu tangu ile ruhusa aliyonyimwa. "Mkurugenzi, kiacheni hicho. Ni kidogo sana, hakimuumizi mtu."

"Kimemwagia mgeni chai."

"Chai inafuliwa."

"Mzee Mwinjuma!"

"Ndicho alichobakia nacho mke wangu katika nchi hii, Mkurugenzi. Kaburi tumelichimba wenyewe. Hicho tu ndicho serikali imempa, tena bila kujua."

Ndimbo akajifanya anatafuta kalamu, nayo ilikuwa sikioni kwake. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Ulikitia wewe, utakitoa wewe. Na ukikataa ataendesha mwingine, na kitatoka vilevile."

Siku ya Kumbukizi ilipofika, Mwinjuma alishika usukani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Viganja vyake vilikuwa vimelainika kama vya mtu wa ofisini. Alimkwepa mbuzi wa Wizara, aliyefungwa darajani kwa ajili hiyo. Alipita polepole kwa wacheza ngoma wa Wizara. Kilimani akasimama, na Waziri akaletewa hindi. Miaka ilikuwa imempunguzia Waziri meno, hivyo safari hii alisoma mistari polepole zaidi, akirudia aliporuka. Mwinjuma alikuwa anamtazama kwenye kioo. Alilitazama hindi lile lote, punje kwa punje, mpaka gunzi likageuzwa.

"Haya. Twende."

Wakateremka. Njiapanda ikaja. Kwenye kamba walisimamishwa wananchi wenye bendera, na ng'ambo ya pili paa jekundu.

Mwinjuma hakuinua mguu. Alikanyaga breki.

Gari likasimama katikati ya njiapanda ya Kitopeni, na msafara wote nyuma yake ukasimama. Akazima kiyoyozi. Akaweka mikono mapajani.

"Mbona tumesimama?" akauliza Waziri.

Mwinjuma akatazama kushoto, pale, bila haraka.

"Gari limesimama, Mheshimiwa."

"Limesimama kwa nini?"

"Haya magari yana akili kuliko sisi. Mheshimiwa mwenyewe ndiye uliyesema."

Waziri alikuwa amesema hivyo, tena bungeni, na mtu wa cheo chake habishani na maneno yake mwenyewe mbele ya dereva. Hakuwa na habari pia kwamba siku ile gari lilikuwa linaendeshwa na mtu. Mambo ya usukani yalikuwa chini ya hadhi yake. Akasubiri. Wananchi wakasubiri. Mwinjuma alikuwa anakula hindi lake moyoni, mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Mwishowe Waziri, kwa kuona bendera na nyuso, akahisi lazima pale pawe ni mahali pa kuhutubia, akashusha kioo.

"Ndugu wananchi! Gari hili limesimama hapa ili taifa nalo lisimame! Lisimame litafakari! Je, mnatafakari?"

"Tunatafakari!"

"Hamjatafakari!"

"Tunatafakariii!"

Hapo ndipo Mwinjuma alipoligeuza gunzi, akahakikisha, akakanyaga mafuta ya umeme, wakaondoka.

*

Kisanduku kilikuwa kimeona kila kitu. Wiki iliyofuata magari yote ya nchi yakaanza kusimama Kitopeni muda wa kula hindi moja. Ndimbo alijua kilichotokea, uso wake ulikuwa unajua, ila Waziri alikwishaipenda hotuba yake. Bango kubwa likasimikwa: KITUO CHA TAFAKARI YA TAIFA CHA MHESHIMIWA DAKTARI KINYOGOLI. Ndimbo akapandishwa cheo kwa kukibuni.

Mwinjuma hakujali bango. Gari likiwa limesimama jicho jeusi halimdai dereva kitu, kwa hiyo alikuwa anageuza shingo yake yote kushoto, anatazama majani mpaka atosheke. Mawaziri walisimama pale. Majenerali walisimama. Mkuu wa Nchi mwenyewe alisimama pale, bendera ya gari lake ikilegea, na yeye hajui anamsimamia nani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba Mwinjuma alikula chakula chake cha jioni akakimaliza.

Kisha yakaja magari mapya ya wagonjwa. Yalikuwa ya umeme, meupe, msaada wa yule mgeni wa suti, ambaye hakuweka kinyongo. Waziri aliyapokea, akahutubia kwamba sasa mgonjwa wa nchi hii atapelekwa hospitali bila kuguswa na mkono wa mtu.

Siku hiyo Mwinjuma alikuwa amembeba Ndimbo kutoka kikaoni. Wakafika Kitopeni, gari likasimama, naye akageuza shingo kama kawaida yake. Akasikia king'ora, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Akatazama. Mbele yao, chini ya bango, gari jipya la wagonjwa limesimama, taa yake inazunguka, inazunguka.

Mlango wake wa nyuma ulikuwa umefunguliwa. Mwanamume mmoja, fundi cherehani, futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni, alikuwa anawapungia mikono watu waliomo kwenye magari. Abiria nao, kwa mazoea, wakampungia.

Mwinjuma akafungua mkanda.

"Unakwenda wapi?" akauliza Ndimbo.

"Kuna gari la wagonjwa, Mkurugenzi."

"Si limesimama? Basi liko salama. Rudi ndani, kituo hiki hakina kushuka."

Mwinjuma alikuwa mguu mmoja chini. Maneno yale yalimpiga, akainamisha kichwa. Alipoinua kichwa alionekana mzee kuliko alipokikalia kiti kile asubuhi. Siku ile ya Kumbukizi alikuwa amemuwaza mmoja tu. Wengine watakaopita hakuwawaza, hata kidogo, kama wakubwa walivyokuwa hawawazi.

Akafika kwenye gari la wagonjwa. Ndani alilala mwanamke anayevuta pumzi kama mtu anayevuta maji kisimani kwa kamba fupi. Mbele, dereva, kijana aitwaye Pius, alikuwa ameketi mikono mapajani, jasho linamtoka, macho mbele.

"Mbona huendi?"

"Linatafakari, mzee."

"Hospitali ile pale! Paa hulioni?"

"Naliona. Liko pembeni, sijapewa ruhusa ya kulitazama."

"Shika usukani."

"Mzee wangu, nina watoto. Nikishika, jicho litanisema."

Fundi cherehani akadakia kutoka nyuma: "Kaka, nakuomba! Tangu lisimame hapa nahesabu pumzi za mke wangu, zinapungua!"

"Sogea," Mwinjuma akamwambia Pius.

"Nisogee wapi?"

"Huko. Kaa, tazama mbele, useme nilikulazimisha. Sogea, mwanangu."

Akaingia. Akashika.

"Dereva, mikono," likasema gari. "Mikono, dereva. Mikono."

"Hii hapa," akasema Mwinjuma, akalikanyaga, akalitoa chini ya bango. Kushoto kwake ndipo ilipokuwa ile kamba, ndipo yalipo yale majani. Alipita bila kugeuza macho.

"Asante, dereva," likasema gari, "kwa kutazama mbele."

Nyuma yake Ndimbo alikuwa ameshawapigia polisi. Walikuja upesi, askari wanne, gari jipya. Likafika njiapanda ya Kitopeni likasimama. Wale askari wakaweka mikono mapajani, wakamtazama mtuhumiwa akikata kona, akiingia getini, akishuka, akisaidia kubeba machela. Walipomaliza kutafakari walimkuta ameketi kwenye benchi la hospitali, anawangoja.

*

Mahakama ilimtia hatiani kwa kushika usukani, na kwa kukatisha tafakari ya taifa ikiwa inaendelea. Alifukuzwa kazi, akakatazwa kuonekana mbele ya gari lolote la serikali. Yule mama alipona. Jambo hilo halikuingizwa kwenye hukumu kwa kuwa halikuhusiana na usukani.

Kabla ya kuondoka alimfuata Ndimbo koridoni.

"Mkurugenzi, kifuteni kile kituo. Nakuomba mimi mwenyewe, niliyekiweka."

"Kifutwe? Kina jina la Mheshimiwa."

"Ondoeni basi hata kwa magari ya wagonjwa tu."

"Yaani tuseme mgonjwa hana haki ya kutafakari?" Ndimbo alisikitika kweli. "Mzee Mwinjuma, wewe chuki itakumaliza. Nenda kapumzike."

Mwinjuma akaenda. Alichukua kigoda cha Sikudhani, kile alichokuwa akikalia akipika, akakiweka Kitopeni kwenye majani, upande wa kushoto. Anakaa hapo tangu asubuhi. Magari yanakuja, yanasimama mbele yake, yanaondoka. Wakubwa waliomo ndani hawamwoni, yuko pembeni. Wizara imesema rasmi kwamba mtu huyo hayupo.

Gari la wagonjwa likija, anainuka. Hana haraka ya ujana, magoti yanalalamika. Anafungua mlango wa dereva, na madereva sasa wanamjua, hawaulizi, wanasogea wenyewe wakitazama mbele. Anashika usukani, gari linapiga kelele zake, analivusha mpaka getini, anawaachia wenyewe. Kisha anarudi kwa miguu mpaka kwenye kigoda.

Si mbali. Siku ile ya Sikudhani, kwa mwendo wa kawaida, hata mtu aliyebeba mgonjwa mgongoni angekuwa ameshafika kabla Waziri hajafika nusu ya hindi.